Mtoto wa punda anayenyonya ukuta

SWALI: Shikamoo Bibi Mifugo. Nina punda jike anayenibebea mchanga hapa Lamu. Mwaka jana alizaa usiku, mimba yake ya kwanza. Mtoto alisimama vizuri, lakini akawa ananyonya ukuta, mara kwapa la mama yake. Akikaribia kiwele, mama anarusha teke. Jirani akasema yale maziwa mazito ya mwanzo ni machafu, niyakamue niyamwage, nimnyweshe ya ng'ombe kwa chupa ya soda. Siku ya tatu akafa. Sasa mama ana mimba tena. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Jirani alikutakia mema, ila ulichomwaga ndiyo dawa yenyewe. Ile ni dang'a. Mtoto wa punda huzaliwa hana kinga, kwa kuwa kondo la mama yake haliipitishi. Huipata kwenye dang'a tu, na utumbo wake huipokea kwa muda mfupi: saa za kwanza ndizo bora, na ikitimia siku nzima mlango umefungwa.

Kunyonya ukuta si ujinga. Mtoto hutafuta penye giza juu ya kichwa chake, na kona ya banda humdanganya. Mwache ahangaike kidogo. Kwa kawaida husimama ndani ya saa moja na kunyonya ndani ya saa mbili. Zikipita hizo mbili, ingia.

Mtu aliyezoeana na mama amshike kichwa, ubavu mmoja ukiwa ukutani. Osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kamua matone machache kila chuchu (anazo mbili tu) hadi ile nta inayoziba tundu za chuchu izibuke. Mzazi wa kwanza hurusha teke kwa sababu kiwele kimejaa na kinamuuma, si kwamba anamkataa mwanawe.

Sasa mtoto. Nimeona wanaume wazima, jasho likiwatiririka, wakimsukuma kichwa chini ya tumbo la mama. Kadiri unavyokisukuma ndivyo anavyorudi nyuma! Mkono mmoja uzungushe nyuma ya mapaja, mwingine kifuani, umwelekeze tu. Nawa, chovya kidole kwenye dang'a, umpe anyonye. Akishakaza ulimi, msogeze taratibu mpaka chuchuni, kisha uchomoe kidole. Halafu nyamaza usikilize kama anameza.

Ukimkuta maziwa yamemkaukia kwenye paji la uso, usishangilie. Yanamdondokea, hanyonyi.

Ile chupa ya soda iache kabisa. Ukimwinua kichwa na kummiminia, maziwa huingia mapafuni. Kama hana hata nguvu ya kunyonya kidole, usimtie chochote mdomoni. Kamua dang'a kwenye kikombe safi, ufunike, umwite daktari wa mifugo. Yeye humpitishia mpira puani hadi tumboni. Nyinyi wa Lamu mna kliniki ya punda tangu 1987, kwa hiyo namba yao iandike kwenye mlango wa banda leo hii.

Mchanga nao mpunguzie mama tangu sasa, na miezi ya mwisho asibebe kabisa. Dang'a ikianza kuchuruzika kabla hajazaa, usingoje, mwambie daktari, maana inapotea bure. Na kwa kuwa punda wengi huzaa usiku, kiwele kikijaa hamishia mkeka wako karibu na banda, na tochi iwe na betri mpya.