AC ikiganda barafu, usianze na gesi

Wewe uliyeingia kazi ya AC juzi, jitayarishe kwa simu za miezi ya joto. Kuanzia Disemba mpaka Machi, Mombasa haikaliki, na utapigiwa na mtu anayelalamika: "Fundi, AC inawaka lakini haipoezi, na maji yanamwagika ukutani." Ukifungua kifuniko unakuta koili, yaani yale mabomba na vibati vya kupoza hewa, imefunikwa na barafu. Wazo la kwanza litakalokujia, wewe na mwenye nyumba, ni kuwa gesi imepungua.

Mimi nililifuata wazo hilo katika nyumba moja Tudor, nikiwa na miezi michache kazini. Niliunga geji, nikaona presha iko chini, nikajaza gesi. Baada ya siku chache yule mama akanipigia: barafu imerudi, na mashine ya nje inanguruma. Fundi aliyenifunza alipofika alichomoa filta, akaiinua dirishani. Mwanga haukupita. Gesi yangu yote ilikuwa ya ziada. Haikupata joto la kuigeuza mvuke, ikawa inarudi kwenye kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, ikiwa bado majimaji. Kompresa ikafa, na mpaka leo naumia nikikumbuka gharama niliyomsababishia yule mama.

Geji ilinidanganya, na itakudanganya na wewe. Koili ya ndani hupata joto kutoka kwa hewa ya chumba. Filta ikiziba au feni ikilegea, joto hilo halifiki, koili inashuka chini ya nyuzi 0, na unyevu wa pwani ambao ungetiririka kama maji unaganda papo hapo. Barafu nayo huziba njia ya hewa hata zaidi. Wakati huo presha husoma chini hata kama gesi ni kamili. Kila aina ya gesi ina presha yake: R22 huchemka kwenye nyuzi 0 geji ikiwa karibu psi 57 (psi ni kipimo cha presha), R410A karibu 101, kwa hiyo soma kwanza kibandiko cha mashine ujue ni gesi gani. Na usisome geji yoyote kama barafu haijayeyuka.

Kuyeyusha kunataka subira. Zima ubaridi, acha feni peke yake, weka ndoo na matambara, subiri saa mbili au tatu. Usichokoe barafu kwa bisibisi, maana nyuma ya vile vibati vya alumini kuna bomba jembamba la shaba, na ukilitoboa umejizulia kazi nyingine.

Barafu ikiisha, osha filta, osha koili, halafu umulike tochi ndani kwenye feni ile ndefu ya duara. Mafundi wengi huiruka. Vumbi likichanganyika na unyevu hushika kwenye makasia yake kama tope, na feni inazunguka bila kusukuma upepo. Kama ni safi lakini inazunguka polepole, pima kapasita yake, kile kifaa cha umeme kinachoisaidia mota kuzunguka.

Ukishahakikisha upepo uko sawa na barafu bado inarudi, hapo ndipo ufikirie gesi. Angalia inapoanzia: ikishika mwanzo wa koili tu, na bomba jembamba kule nje limeota theluji, kuna uwezekano mkubwa kuwa inavuja. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Imefungwa ndani, ikipungua imetoka mahali. Kwenye nyumba za Nyali na Bamburi zinazotazama bahari, chumvi hula mashine ya nje haraka. Paka povu la sabuni kwenye nati, tafuta alama za mafuta. Ziba, vuta hewa kwa pampu, kisha jaza kwa mizani kulingana na kibandiko. R410A ni mchanganyiko, hivyo itoke mtungini ikiwa majimaji. R32, aina nyingine ya gesi, hushika moto, kwa hiyo usiwashe gesi ya kuchomelea kabla hujaitoa yote.

Kabla ya kuondoka mwoneshe mwenye nyumba namna ya kuchomoa filta, na mwambie aioshe kila baada ya wiki mbili wakati wa joto. Halafu washa AC, kaa nusu saa, ushike bomba nene kule nje. Linatakiwa liwe la baridi, linatoka jasho, na halina ukoko mweupe.