Kwa nini sumaku iliyovunjwa haibaki na ncha moja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilisugua sindano kwa sumaku mpaka nayo ikawa sumaku, kisha nikaivunja katikati ili nitenganishe ncha ya kaskazini na ya kusini. Kila kipande kikawa na ncha zote mbili. Kwa nini? Na kwa nini sindano hiyo ikitiwa motoni hupoteza usumaku? (Mwanafunzi wa kidato cha pili)

Jibu: Marahaba. Jaribio lako ni sahihi kabisa. Kinachohitaji kurekebishwa ni dhana kwamba ncha ni kitu kilichohifadhiwa mwishoni mwa sumaku. Usumaku wa chuma hutokana na elektroni, na kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo yenye kaskazini na kusini yake. Atomu hizo hujipanga katika makundi yanayoitwa domeni, na katika sindano ambayo haijasuguliwa kila domeni huelekea upande wake, hivyo nguvu zake hubatilishana. Unapoisugua mara nyingi kwa kufuata upande mmoja tu, domeni zinazokubaliana na uga wa sumaku yako, yaani eneo ambamo nguvu yake hufanya kazi, hupanuka na kuzimeza nyingine. Ukiivunja sindano hiyo popote, atomu zilizo kwenye mvunjiko bado zimeelekea kulekule, kwa hiyo ncha mbili mpya hujitokeza hapohapo. Mwaka 1931 mwanafizikia Paul Dirac alionyesha kwamba nadharia haikatazi ncha kuwepo peke yake, lakini mpaka leo haijathibitishwa hata moja.

Unapopima vipande vyako, usitegemee kuvutana, maana chuma cha kawaida nacho huvutwa na ncha yoyote. Kusukumana ndiko kunakothibitisha kwamba kipande ni sumaku.

Kuhusu moto, joto ni mtikisiko wa atomu, na mtikisiko ukizidi, mpangilio wa domeni huvurugika. Kila metali inayoweza kuwa sumaku ina kiwango chake cha joto ambacho mpangilio huo huvunjika kabisa, kiwango kinachoitwa kwa jina la mwanafizikia Pierre Curie, aliyelichunguza jambo hili kwa kina mwaka 1895. Kwa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi, kwa nikeli ni karibu 358, na kwa kobalti ni zaidi ya 1,100. Sindano ikipoa itavutwa tena na sumaku, lakini yenyewe haitakuwa sumaku, kwa sababu domeni zimejiunda upya bila mwelekeo wa pamoja.

Ikipoa ndani ya uga wa sumaku mambo hubadilika, na hapa ndipo somo hili linaponivutia zaidi. Lava ina madini ya magnetiti, yaani madini ya chuma yenye usumaku, ambayo yakipoa chini ya takriban nyuzi 580 hushika mwelekeo wa uga wa Dunia wa wakati huo. Miamba ya volkano ya Bonde la Olduvai, Tanzania, imehifadhi mwelekeo unaofanana na wa leo, ilhali kabla na baada ya wakati huo uga wa Dunia ulikuwa umegeuka kinyume. Kwa sababu hiyo wanajiolojia duniani kote hukiita Olduvai kipindi hicho, cha kati ya takriban miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita.