Maji ya bwawa yamekuwa ya kijani: je, tuyamwage yote?

SWALI: Nina bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yangu, Mbezi Beach, Dar es Salaam. Lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5, na limetumika miaka mitatu. Fundi huja kila Jumamosi, hufagia na kuweka vidonge vitatu vya klorini vya gramu 200 katika kiboya kinachoelea. Tangu mwezi uliopita maji yamekuwa ya kijani na yamefifia, ingawa karatasi ya kupimia inaonyesha kuwa klorini ipo. Fundi huyo anataka tumwage maji yote na kubadilisha mchanga wa chujio. Fundi wa pili, ambaye bei yake ni nusu, anasema niongeze vidonge tu. Nimwamini yupi, na fundi anayefaa nitamtambuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, nisingemlipa yeyote kati yao kabla hajapima maji, kwa kuwa wote wawili wanatibu ugonjwa ambao hawajauchunguza, na dawa ya yule wa pili ndiyo iliyouleta.

Vidonge vya aina hiyo kwa kawaida ni trikloro, na zaidi ya nusu ya uzito wa trikloro huishia kuwa asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi wengi huiita stabilaiza. Kazi yake ni njema, maana bila hiyo jua letu hula sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa chache tu. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, lakini stabilaiza haiishi wala haiondoki na mvuke. Hubaki majini na kulimbikizana wiki baada ya wiki, na ikizidi huishikilia klorini kiasi kwamba kipimo kinaiona lakini mwani, yaani uoto unaoyapa maji rangi ya kijani, hauihisi. Piga hesabu ya bwawa lako, ambalo linabeba lita 48,000. Kila kidonge huacha takriban gramu 110 za stabilaiza, yaani kama miligramu 2.3 kwa lita, hivyo vidonge vitatu huongeza karibu 7 kila wiki. Hata ukitoa kiasi kinachopotea wakati wa kusafisha chujio, miezi sita inatosha kabisa kulipeleka bwawa juu ya 100, ilhali kiwango kinachofaa ni kati ya 30 na 50.

Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukisimamia mwenyewe. Maji ya bwawa huchanganywa na dawa ya kupimia katika kichupa, yakageuka meupe kama maji ya wali, kisha humiminwa polepole katika mrija mwembamba wenye nukta nyeusi chini. Ukitazama kwa juu, pale nukta inapopotea machoni ndipo unaposoma namba ubavuni. Nukta ikipotea mapema mno, kwenye alama ya 100, changanya maji ya bwawa na kiasi sawa cha maji safi, upime tena, na jibu ulizidishe kwa mbili.

Tuseme umepata 150. Hakuna dawa ya kawaida ya kuondoa stabilaiza, kwa hiyo fundi wa kwanza ana haki kwamba maji lazima yatoke, ila amekosea kutaka yatoke yote kwa mkupuo. Maeneo mengi ya pwani maji ya ardhini yako karibu, hasa wakati wa masika, na bwawa tupu ni kama mtumbwi: maji ya chini husukuma sakafu juu, zege likapasuka au bwawa zima likainuka. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambako vigae vya sakafu vilikuwa vimefura kama chapati, siku mbili baada ya bwawa kumwagwa mwezi wa Aprili, na gharama ya ukarabati ilizidi mara nyingi bei ya kusafisha maji. Punguza theluthi moja, jaza, zungusha maji kwa pampu, kisha rudia. Awamu tatu zitakushusha kutoka 150 hadi 100, kisha 67, kisha 44. Kama unajaza kwa maji ya kisima, kwanza tia chembe za klorini katika ndoo moja ya maji hayo. Yakigeuka rangi ya chai, yana madini ya chuma, na ni heri ununue maji ya boza.

Baada ya hapo sawazisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.5, kwa sababu ikifika 8 sehemu kubwa ya klorini hupoteza makali. Kisha jioni, jua likishazama, tumia unga wa kalsiamu hipokloriti wa asilimia 65. Takriban gramu 740 zitapandisha klorini ya bwawa lako kwa miligramu 10 kwa lita. Unga hutiwa katika ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Kuta zisuguliwe kwa brashi, pampu izunguke usiku na mchana hadi maji yatakate, na asiingie mtu mpaka klorini ishuke.

Mchanga wa miaka mitatu kwa kawaida bado ni mzima. Chujio lifunguliwe mbele yako, na ushike konzi moja: chembe zikiachana na kukwaruza vidole, uache, zikiwa na utelezi au zimegandamana mabonge, hapo ubadilishwe.

Kuhusu kumchagua fundi, mimi humuuliza maswali mawili tukiwa tumesimama kando ya maji: bwawa hili linabeba lita ngapi, na geji ya presha ya chujio husoma ngapi likiwa safi? Asiyetoa futi kamba kwa swali la kwanza atakuwa anakadiria dawa kwa macho. Asiyeijua namba ya pili hawezi kujua wakati wa kuosha chujio, kwani huoshwa geji inapopanda kama nusu bar juu ya namba hiyo. Mlipe kwa mwezi, dawa nunua mwenyewe ikiwa katika chombo chenye lebo, na udai daftari ambamo kila Jumamosi ataandika pH, klorini na geji. Akigusa nyaya za pampu au taa za majini, hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na saketi iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampia 30.

Jambo moja usimwachie hata fundi mzuri kulikumbuka peke yake: kile kiboya cha vidonge kisitiwe unga mpya, wala kijiko cha kimoja kisiingie katika ndoo ya kingine. Trikloro na kalsiamu hipokloriti zikikutana, hasa zikiwa na unyevu kidogo, huwaka moto au hulipuka.