Nairobi Gallery na watoto: saa moja inatosha

Umeuliza kama Nairobi Gallery, jumba la makumbusho katikati ya Nairobi, panawafaa watoto wako wa miaka 6 na 10. Panafaa, mradi usipange kushinda huko kutwa. Jengo ni dogo, la 1913, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Saa moja inatosha.

Mkusanyiko ni wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya: vitambaa, vito, sanamu, hata stempu. Wengi hukosea kuanza na kabati za vito, mtoto akachoka kabla hajaona kitu. Anza na sanamu na vinyago. Mpe kila mmoja karatasi na penseli (kalamu ya wino hapana, ikiteleza huchafua) achore kimoja tu. Stempu ni ndogo mno, kwa hiyo mnyanyue mdogo aone, ila asiegemee kioo. Zima flashi, mwanga mkali hupausha rangi za nguo.

Tiketi lipieni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kabla ya kutoka nyumbani. Kuhangaika na simu mlangoni huku watoto wanavutana si raha. Kuvuka barabara hapo, shikeni mikono.