Mzee wako si mkaidi, dada

Dada uliyeuliza juu ya mzee wako, pole sana. Umesema figo zake zimeshindwa kazi, ana miezi minane tangu aanze kusafishwa damu kwa mashine hapa Dodoma, mara tatu kwa wiki, na sasa haongei, chakula anakisogeza pembeni, na juzi kagoma kwenda kabisa. Unauliza ni ugonjwa au ni ukaidi wa uzee. Mimi niko kwenye mashine mwaka wa sita, na niliwahi kugoma kama yeye.

Kabla ya yote: kama tangu agome hajarudi, na akilala chali anakosa pumzi au miguu imevimba, funga simu umpeleke sasa hivi. Mengine utayasoma baadaye.

Nilikuwa dereva wa lori, nabeba mahindi Kibaigwa napeleka Dar. Presha ndiyo iliyokula figo zangu. Vidonge nilikuwa nameza nikikumbuka. Watu wanadhani kinachotesa ni sindano. Sindano unazizoea, ingawa zile mbili za fistula, yaani mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, ni nene kweli kweli. Mimi nilishindwa na kiu. Mtu asiyepata mkojo, kila anachokunywa kinamsubiri mwilini mpaka siku ya mashine. Mimi niliambiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi vikiwemo humo humo. Nusu lita, Dodoma, mwezi wa kumi, upepo wa vumbi na midomo imepasuka! Mke wangu alikuwa ananijazia chupa asubuhi, ikiisha saa saba mchana ndiyo basi. Siku moja nilimwona mwanangu anamwaga kikombe cha maji uani kwa sababu yameingia sisimizi. Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nalilia maji ya sisimizi.

Vyakula navyo vivyo hivyo. Ubuyu, ambao huku kwetu mtoto anakua nao mkononi, una potasiamu nyingi mno, na potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Ndizi, parachichi, dafu, vyote kwa woga. Zabibu mbichi niliruhusiwa chache, kavu hapana.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonivunja ni kuwa mtu wa kuhurumiwa. Saa nne kwenye kiti, unarudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa, siku hiyo imekwenda. Siku zinazobaki kila ukinyanyuka unaambiwa "pumzika." Mkono wa fistula haubebi mzigo, kwa hiyo hata ndoo ya maji ya mbuzi nilipokonywa. Siku moja kikao cha harusi ya mpwa wangu kilikaa sebuleni kwangu mwenyewe, mimi niko chumbani nasikia wanavyopanga michango, hakuna aliyebisha hodi. Wao waliona wananipumzisha. Mimi niliona wamekwisha kunizika, bado tanga tu.

Tatizo ni kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na figo vinafanana sura. Kuchoka, kukosa hamu ya kula, kukesha, vyote vinaweza kutoka huku au kule. Daktari mmoja nilimwambia nimechoka, akanijibu wagonjwa wa figo wote wanachoka, akaniandikia sindano za kuongeza damu. Damu ilipanda kweli. Mimi nikabaki pale pale. Ndiyo maana nakushauri umwangalie siku ambayo hana mashine. Uchovu wa mashine kwangu ulikuwa unaisha nikilala, kesho yake nataka redio, nataka kujua mahindi yamefika bei gani. Ilipofika siku ya mapumziko nayo sitaki redio, sitaki mpira, mjukuu akinikumbatia naona kero, hapo haikuwa figo tena.

Nikakosa mashine mara mbili mfululizo, kwa makusudi. Usiku wa pili nilikaa dirishani mpaka alfajiri kwa sababu nikilala nazama. Mke wangu hakunigombeza, alikaa sakafuni kanishika kisigino. Asubuhi tulikodi bajaji.

Aliyeniokoa ni nesi. Mashine ikiwa inazunguka alivuta kiti akaniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na la mwisho ni kama huwa nawaza bora nife. Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, akaandika, nikapelekwa kliniki ya afya ya akili. Nilisita, maana hapa mjini ukitaja akili watu wanasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mirembe mtaani ni tusi. Nilikwenda hivyo hivyo, nimevaa kofia. Nilipewa dawa na mtu wa kuongea naye, na kwenye wiki ya tano nikajikuta nauliza bei ya mahindi. Dawa hizo msijinunulie dukani: zipo zinazotoka kwa njia ya figo, zipo zinazogusa mapigo ya moyo, lazima anayeandika ajue mzee yuko kwenye mashine. Na msijione mna mkosi. Wataalamu wakiwahoji watu wa mashine, kama mmoja kati ya wanne au watano hukutwa na sonona.

Swali la kifo muulize waziwazi, faragha, na ukae usikie jibu. Kuuliza hakumpi wazo. Mimi kulinitua mzigo. Akikubali kwamba analiwaza, mwambieni daktari siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Halafu mrudishieni kazi yake. Umesema alikuwa karani wa ushirika. Basi daftari la michango ya ukoo lishikwe na yeye, hata kwa kukosea.

Kuhusu kupandikiza figo ulikogusia: Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wameanza tangu 2018, na mtoaji ni ndugu aliye hai. Ila mzee aulizwe kwanza, asije akatangaziwa mbele ya wajomba. Baba wengi wanakataa figo ya mtoto wao, na mimi nilimkatalia wangu. Bado tunabishana.

Kesho zamu yangu ni asubuhi, nikirudi nalala. Nitaingia humu jioni, uniambie kama amekwenda.