Msomaji wa riwaya za mapenzi hataki kuulizwa maswali

Mkutubi mwenzangu, kama riwaya zako za mapenzi zinakula vumbi, usikimbilie kubandika matangazo. Hapa Mwanza wapenzi wa hadithi hizi ni wengi mno. Ndio hao wanaozifuatilia kwenye magrupu ya WhatsApp, wakifika penye "itaendelea" wanatuma hela kwa simu ili wapate sehemu inayofuata. Kinachowazuia kuja maktaba ni macho ya watu. Mama mtu mzima, tena mwanakwaya, hawezi kusimama kaunta na jalada la wawili waliokumbatiana huku mwalimu wa mwanawe yuko nyuma yake kwenye foleni.

Mimi nilianza na mahali pa kuviweka. Kwa mpangilio wa Dewey, yaani namba tunazopangia vitabu kwa mada, fasihi ya Kiswahili yote iko 896.392, kwa hiyo anayetafuta mapenzi inabidi apekue katikati ya diwani na tamthilia za shule, au aje kuuliza. Hatauliza. Nilivihamishia kwenye rafu fupi jirani na magazeti, ambako mtu mzima akisimama hata nusu saa hakuna anayemshangaa. Namba mgongoni ilibaki ileile, nikaongeza kipande cha utepe mwekundu. Zikae mbali na meza za wanafunzi. Mchana maktaba zetu zimejaa sare za shule, na nani atachagua riwaya ya mapenzi mbele ya mtoto wa jirani yake? Halafu zipo sura zisizofaa watoto. Zisome wewe kwanza, nyingine zibaki kaunta.

Majalada nayafunika kwa kaki kama madaftari. Kitabu kinadumu, na msomaji anakifungua kwenye daladala ya Igoma bila wasiwasi.

Lakini waliokuja kwa wingi waliletwa na saluni. Kusuka rasta ni kazi ya saa nyingi: msusi mikono imebanwa, anayesukwa mikono mitupu, na stori za mtaa nazo huisha. Niliongea na msusi mmoja wa Kirumba akachukua kadi ya uanachama, akaazima riwaya moja, akaiacha mezani pake. Mteja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na anayeondoka nywele zimekwisha hadithi ikiwa katikati lazima aitafute. Anajua pa kuja. Ukienda saluni usipeleke kitabu cha kurasa mia nne, wala chenye sura ya kwanza inayosimulia ukoo mzima. Wahusika wagombane mapema.

Wanaume nao wanasoma, ila wataomba "kitabu cha maisha". Mpe cha mapenzi, nyamaza.

Kuna siku utaambiwa, pengine na mkubwa wako, kwamba maktaba si mahali pa mambo hayo. Mimi huwakumbusha riwaya ya Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo tu ya maji hapo. Ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni, baadaye shule hizohizo zikaifundisha. Hata hivyo usimkabidhi anayetaka harusi mwishoni, atakuchukia. Ndiyo maana namuuliza msomaji swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: unataka ya kulia au ya kucheka? Mengine hayanihusu, yakiwemo ya kama ameolewa.

Jiandae pia kwa ucheleweshaji. Vitabu hivi hupita kwa dada, kwa wifi, kwa mpangaji wa chumba cha pili, ndipo virudi. Kikichelewa, kabla ya kutaja faini nauliza kwanza kiko kwa nani sasa hivi. Kisha naomba huyo ndiye akirudishe mwenyewe, aje na picha za pasipoti, nimfungulie kadi yake.