Wasomaji Wanauliza: Kindle, Kishikwambi au Kitabu cha Karatasi?

Barua za toleo hili zote zinahusu kusoma, na nyingi zinaanza na jina la kifaa: Kindle, yaani kisomeo cha vitabu vya kielektroniki cha kampuni ya Amazon, au kishikwambi, yaani tableti. Sisi tunaanza kwingine: unasoma nini, faili lake ni la aina gani, na kitabu hicho unataka kikae nawe kwa muda gani. Ukishayajibu hayo, suala la chapa na bei halitakusumbua sana.

Niko mwaka wa kwanza wa uzamili. Nina PDF kama mia mbili: makala za majarida na vitabu vilivyoskaniwa. Rafiki yangu ananishauri ninunue Kindle ya inchi 6 kwa kuwa haichoshi macho, mwingine anasema tableti. Pesa niliyonayo inatosha kimoja tu. – Mwanafunzi, Dodoma

Kwa mzigo huo wa PDF, nunua tableti ya inchi 10 au zaidi. Kuhusu macho rafiki yako yuko sahihi, lakini vipimo vya kioo havikubaliani naye.

Ukurasa wa PDF haujipangi upya. Kama ulitengenezwa kwa karatasi ya A4, una upana wa sentimita 21, wakati kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 na urefu wa 12. Ukurasa mzima ukibanwa uingie humo, herufi ya ukubwa wa 12 inabaki kama 5, na hapo utasoma kwa kukodoa macho. Ukikata pembezo nyeupe, maandishi yanabaki na upana wa sentimita 16, na herufi inapanda hadi karibu 7. Ukikilaza kifaa kwa upana inafika 9, kama ya gazeti, ila kila ukurasa utausoma kwa vipande viwili au vitatu. Kwenye tableti yenye kioo cha upana wa sentimita 14, ukurasa uleule uliokatwa pembezo unakupa herufi ya 10 na nusu. Unasoma bila kuhangaika.

Makala zenye safu mbili zina nafuu yake. Safu moja huwa na upana wa kama sentimita 8, hivyo inaingia kwenye kioo kidogo bila kupungua. Ipo programu ya bure ya kompyuta, k2pdfopt, inayokata kurasa hizo safu kwa safu na kuzipanga upya kwa kioo cha Kindle. Inafanya kazi vizuri kwenye maandishi matupu, lakini majedwali mapana huyavuruga.

Usije ukadhani utabadilisha PDF zote kuwa EPUB, aina ya faili ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo, ukamaliza kazi. Programu ya Calibre inabadilisha, ila haijui kichwa cha ukurasa ni kipi na tanbihi ni ipi. Utakuta jina la jarida katikati ya sentensi, namba ya ukurasa imegeuka sehemu ya aya, na maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yamebaki na vistari vyake. Kwa vitabu vilivyoskaniwa hali ni mbaya zaidi. Vijaribu hivi: bonyeza neno moja kwa kidole na ushikilie. Lisipochaguliwa, hayo si maandishi bali ni picha, na picha haina cha kubadilishwa mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract, ambayo ni ya bure, inakijua Kiswahili.

Bado tunakusihi utenge fedha kidogo kwa ajili ya karatasi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma matini ya maarifa kwenye karatasi, hasa wakiwa wamewekewa muda, ilhali kwa hadithi tofauti haikuonekana. Kwa hiyo zile makala chache ambazo utafiti wako unazisimamia, zichapishe pande mbili, uzisome na kalamu mkononi. Nyingine zibaki kwenye tableti.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022, tulichogawiwa walimu baadaye. Nikisomea usiku macho yanawasha na usingizi unachelewa. Je, ninunue Kindle? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, usinunue kwanza. Kirekebishe ulicho nacho.

Macho huwasha kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza, mtu anayetazama kioo hupepesa kope mara chache, na jicho linakauka. Ya pili ni mwanga wa kioo kutolingana na mwanga wa chumba. Shika karatasi nyeupe kando ya kishikwambi, palepale unaposomea, kisha punguza mwangaza mpaka weupe wa kioo ufanane na weupe wa karatasi. Usiku hapo huwa ni chini kabisa kuliko watu wanavyodhani, na chumba kisiwe giza tupu. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20 na upepese macho.

Kwa vitabu vya EPUB, weka ReadEra kutoka Play Store. Ni ya bure na haina matangazo. Chagua ukurasa wa rangi ya krimu, kisha ukuze herufi mpaka usome bila kuinamisha kichwa. Maandishi meupe juu ya kioo cheusi huwafaa baadhi ya watu, lakini wenye tatizo la astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) huona herufi zikitawanya mwanga. Jaribu yote mawili.

Usingizi ni kweli unaathirika. Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwishoni mwa 2014, watu 12 walisoma kwenye iPad yenye mwangaza wa juu kabisa kwa saa nne kabla ya kulala. Walichelewa kusinzia kwa kama dakika 10 ikilinganishwa na siku walizosoma karatasi, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ilishuka. Saa ya mwisho kabla ya kulala, shika karatasi.

Kindle na Kobo, kisomeo kingine cha aina hiyo, zinatumia wino wa kielektroniki: chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme kisha zikatulia mahali pake, ndiyo maana betri hudumu kwa wiki kadhaa. Taa yake iko pembeni na inamulika juu ya ukurasa badala ya kukumulika usoni. Kwa msomaji wa riwaya ni kifaa kizuri mno. Lakini vitabu vya kiada vilivyo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni PDF zenye picha za rangi, na kwenye kioo kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe utapoteza nusu ya somo. Kwa kazi yako, kishikwambi kinafaa zaidi.

Angalizo moja: mgongo wa kishikwambi ukianza kuvimba, acha kukichaji siku hiyohiyo. Betri imeharibika na inaweza kushika moto.

Assalamu alaykum. Marehemu baba ametuachia kabati tatu za vitabu. Vinaota ukungu kila masika na vingine vina matundu ya wadudu. Mwanangu anasema tuviskani vyote, tuvigawe, tubaki na tableti. Nifanye nini? – Mama, Mji Mkongwe, Unguja

Wa alaykum salaam, mama, na poleni kwa msiba. Usivigawe. Vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili havikuchapwa tena wala havipo kwenye mtandao, na vikitoka nyumbani hamtavipata tena.

Anza na kabati. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu kwa ndani. Sogeza kabati mbele kwa sentimita 10 ili hewa ipite nyuma yake, liinue miguu kutoka sakafuni, na usivibane vitabu: kidole kiweze kupita kati yake. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku nyingi. Hivyo wakati wa masika acha milango ya kabati wazi mchana na uwashe feni. Mifuko ya plastiki na makontena yenye mfuniko mkali hufungia unyevu ndani, na watu wengi wamepoteza vitabu wakidhani wanavihifadhi.

Vilivyokwisha kuota ukungu, vitenge. Visimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, mpaka ukungu ukauke na kuwa unga. Usivianike kwenye jua kali: karatasi hugeuka manjano na gundi ya mgongo hupasuka. Kisha vipanguse kwa brashi laini na kavu, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Usitumie kitambaa chenye maji wala dawa ya kung'arishia nguo.

Kwa wadudu wa matundu, tumia friza. Kitabu kiwe kikavu kabisa. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga barabara, na ukiweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite. Umande utatanda nje ya mfuko. Ukifungua mapema utatanda kwenye kurasa. Ikiwa wadudu ni mchwa, friza haitatosha, kwa sababu chimbuko lao liko kwenye mbao au ardhini. Ita fundi wa kuua mchwa. Karafuu usiziweke kati ya kurasa, mafuta yake huacha madoa.

Mwanao apewe kazi ya kuskani vile vinavyobomoka tu. Simu inatosha: mwanga wa dirisha utoke ubavuni, taa ya simu izimwe, na kitabu kisilazwe wazi kabisa bali kiegemezwe kwenye mito miwili, kifunguke kiasi cha nyuzi 100 hivi ili mgongo usivunjike. Mkikuta miswada ya mkono, hasa ya hati za Kiarabu, msiiguse kwa gundi wala selotepu. Wapelekeeni picha zake Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, mwombe ushauri kwanza.

Nikinunua kitabu cha kielektroniki, ni changu? Nataka binti yangu aje arithi maktaba yangu. – Msomaji, Muscat

Kwa maduka mengi makubwa, ulichonunua ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye akaunti yako. Julai 2009 Amazon ilivifuta kutoka kwenye Kindle za wateja vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, vitabu vikaondoka. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja nao walirudishiwa fedha. Februari 2025, Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta nakala ya kitabu ulichonunua na kuihamisha kwa waya.

Kwa hiyo vya kurithisha, nunua karatasi. Vitabu vya baadhi ya wachapishaji wa Afrika Mashariki, kwa mfano Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, vinapatikana kupitia African Books Collective, wanaochapa nakala kwa oda na kusafirisha nje. Kwa faili, tafuta EPUB zisizo na kufuli, yaani zisizofungwa kwenye akaunti ya duka, uziweke sehemu mbili tofauti.

Mtoto wetu ana miaka minne, tunataka asome Kiswahili. Tableti au vitabu? – Mzazi, Minneapolis

Karatasi, na mzazi kando yake. Kama vitabu vya Kiswahili ni adimu huko, ingia kwenye tovuti ya African Storybook: hadithi ni za bure na zina ruhusa ya kuchapishwa. Kwenye printa chagua mtindo wa kijitabu, pande mbili, ukurasa ugeukie upande mfupi. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo zitabaki tupu mwishoni. Kunja katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo.

Nimeona Kindle iliyotumika ikiuzwa mtandaoni. Nikague nini? – Msomaji, Nairobi

Kwanza hakikisha ni kifaa cha wino. Kindle Fire ina jina la Kindle lakini ni tableti ya kawaida yenye kioo kinachowaka, na wengi wamenunua hiyo wakidhani ni ile nyingine.

Muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako. Akishindwa, achana nayo. Huenda ni ya wizi, na mwenyewe anaweza kuifungia. Kisha fungua kurasa kadhaa mfululizo na utafute mistari au pande zisizobadilika. Hiyo ni dalili kwamba kioo cha ndani kimepasuka, mara nyingi kwa kubanwa kwenye begi, na kukibadilisha hakulipi. Ingia chumba chenye giza, washa taa yake hadi mwisho, uangalie madoa. Kwa betri, ijaze, zima Wi-Fi, soma kwa saa moja taa ikiwa nusu: ikishuka zaidi ya asilimia 10, imechoka.

Angalia tundu la chaji. Paperwhite zilianza kutumia USB-C mwaka 2021, za nyuma zinataka waya wa zamani. Na waya uwe wa data, kwa sababu ule wa chaji tupu hautaonyesha kifaa kwenye kompyuta hata ubadilishe programu mara ngapi. Aina nyingi za zamani haziioni Wi-Fi ya 5 GHz, kwa hiyo ukiiunganisha na simu, weka hotspoti kwenye 2.4 GHz kabla hujaamua kwamba Wi-Fi yake imekufa.